Mkaja, Hakimu na Mizani: Sonona ya Uzazi katika Historia ya Nyanda za Kati

Katika maneno ambayo Kiswahili kimeyahifadhi kwa uaminifu limo neno mkaja. Mkaja ni kitambaa anachofungwa tumboni mwanamke aliyejifungua, ili kiuno kikazwe na mwili urudi katika hali yake. Neno hilohilo ni jina la haki anayotolewa mama wa bibi harusi wakati wa posa, kama kilemba kilivyo haki ya baba. Anayeoa hukumbushwa kwamba binti anayemchukua alizaliwa na mwanamke aliyeumia, akafungwa kitambaa, akauguzwa. Hivyo watu wa pwani walikubaliana tangu zamani, pasi na bunge wala hakimu, kwamba uzazi ni jeraha linalostahili kuuguzwa, na kwamba deni lake halifutiki hata mtoto akiwa mtu mzima.

Ada za arubaini zilitokana na fahamu hiyo. Mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akapumzishwa kazi za nyumba, na akalala chumba kimoja na mama yake, shangazi yake au mkunga. Wengi wamezisifu ada hizo kwa faida yake ya mwili. Faida nyingine haikutajwa sana: kwa siku arubaini palikuwa na macho ndani ya chumba. Aliyekuwamo aliona kama mzazi anakula au anaisukuma sahani, kama analala au anakesha hata mtoto anapolala, kama anamtazama mwanawe usoni au anageukia ukutani.

Lakini kile kilichoonekana hakikupata jina. Methali inasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wengi wameifahamu kuwa mapenzi ya mama huja pamoja na mtoto, kama maziwa yanavyokuja. Methali haikusema lolote juu ya mzazi ambaye mtoto amekuja, maziwa yamekuja, na mapenzi yamechelewa njiani. Makala haya yanafuata historia ya mzazi huyo: alivyoitwa, alikopelekwa, na nani aliyemsikiliza. Njia yake inaanzia katika chumba cha arubaini, inapanda bara hadi Dodoma, na inafika katika kliniki za vijiji kama Makutupora.

Kwanza ufahamike ugonjwa wenyewe. Matabibu wa leo hutenganisha hali tatu, na kuzichanganya ndiko kulikozaa madhara mengi. Ya kwanza ni machozi ya siku za mwanzo, ambayo huwapata wanawake wengi baada ya kujifungua na huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Ya pili ni kichaa cha uzazi, ambacho ni nadra, yaani mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000. Nacho huja ghafla katika wiki za mwanzo, pamoja na sauti zisizosikiwa na wengine na imani za kutisha, na humpasa mgonjwa kufikishwa hospitali bila ya kuchelewa. Kati ya hizo mbili ipo sonona ya uzazi. Hii huingia polepole, hukaa kwa miezi, na mara nyingi haipigi kelele. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba matatizo ya akili, na zaidi ya yote sonona, huwapata kama asilimia 13 ya wanawake waliojifungua duniani, na kwamba katika nchi zinazoendelea idadi hiyo hukaribia asilimia 20. Yaani katika kila wazazi watano waliokaa kwenye benchi la kliniki, yumkini mmoja wao anayo.

Athari yake kwa mapenzi ya mama na mwana ni jambo la kueleweka hata na asiyesoma utabibu. Mtoto mchanga hajui maneno. Anajua uso, sauti na harufu. Akilia, anasubiri kujibiwa. Afikapo wiki ya 6 hivi hutabasamu, kisha husubiri kuona kama tabasamu lake limepokelewa. Mapenzi hujengwa kwa kupokezana huku, mara nyingi kwa siku, kama washairi wawili wanavyojibizana beti. Mama mwenye sonona aweza kumnyonyesha mwanawe, kumwogesha na kumbeba; mikono inafanya kazi yake, lakini uso hausemi. Mtoto hujaribu mara ya kwanza na ya pili, kisha hugeuza macho. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba kina mama wenye afya njema wawakabili watoto wao kwa dakika chache tu bila ya kubadilisha uso wala kutoa sauti. Watoto walifanya kila hila ya kumwamsha mama. Waliposhindwa, waliangalia pembeni au walilia. Ikiwa dakika chache zinamsumbua mtoto namna ile, yakisiwe yanayompata anayekaa miezi mbele ya uso uliozimwa na ugonjwa.

Balaa kubwa ni kwamba jambo hili hujizungusha. Mama amwonapo mwanawe akigeuza macho, hujiambia kwamba hata mtoto hamtaki. Aibu humzidishia ukimya, ukimya humzidishia mtoto ubaridi, na ubaridi wa mtoto humrudia mama kama hukumu. Hapo huenda kunyonyesha kukakatizwa mapema, na mtoto akachelewa kuongezeka uzito au kutamka. Hata hivyo, haya si maandiko ya kudra. Mtoto mwenye mikono mingine ya kumpokea hupata pa kuegemea, na mama atibiwaye hurudi. Mapenzi yaliyochelewa hayakufa.

Historia ya kuujua ugonjwa huu ina tarehe moja ya ajabu. Mwaka 1858 ndio unaonasibishwa na utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, aliyeutunga akiwa mgonjwa ili amwachie usia binti yake, Mwana Hashima. Mwaka huohuo, mjini Paris, tabibu Louis-Victor Marcé alichapisha kitabu kikubwa juu ya maradhi ya akili ya wanawake wenye mimba, waliojifungua na wanaonyonyesha. Maandishi hayo mawili hayakujuana. Katika la kwanza mama mgonjwa anasema kwa ulimi wake na anashika mkono wa mwanawe kwa maneno. Katika la pili mama mgonjwa anasemwa na mtu aliyesimama kando ya kitanda chake. Maandishi ya namna zote mbili yana manufaa, lakini katika miaka mia iliyofuata ni namna ya pili tu iliyosafirishwa na dola za Ulaya, ikaingia Afrika ya Mashariki ndani ya vitabu vya sheria na kuta za hospitali. Namna ya kwanza ilibaki katika makasha ya pwani. Kwa hiyo mzazi mwenye sonona alianza kujulikana na serikali kabla hajapata nafasi ya kusema.

Mahali ambapo serikali ilimjulia ni nyanda za kati. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walikuwa na nyumba ya wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara. Waingereza walipoitwaa Tanganyika, walijenga hospitali yao Dodoma katika miaka ya 1920, mji ambao reli ya kati ilikuwa imeshaufikia kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Hospitali hiyo ndiyo Mirembe, ambayo leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Kando yake ikawepo Isanga, taasisi ya wagonjwa wa akili waliotenda makosa au wanaotuhumiwa kuyatenda. Kama Mathari ilivyo kwa watu wa Nairobi na Kidongo Chekundu kwa watu wa Unguja, Mirembe ikawa neno la mitaani: kumwambia mtu kwamba anastahili Mirembe ni kumtoa katika jamii ya wenye kusikilizwa.

Mshitakiwa wa mauaji ambaye akili yake inatiliwa shaka huagizwa na mahakama akachunguzwe, na kwa miaka mingi njia hiyo imekuwa ikiishia Isanga. Miongoni mwa wanaohusika na njia hiyo wamo wanawake ambao watoto wao wachanga walikufa mikononi mwao. Sheria iliwawekea fungu la pekee. Uingereza ilipitisha mwaka 1922 sheria iliyotenga kosa la mama kumuua mwanawe mchanga na kosa la mauaji ya kawaida. Mwaka 1938 ikaipanua ihusu mtoto wa chini ya miezi 12. Maneno ya sheria hiyo yakaigwa katika makoloni. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, Sura ya 16, inayo katika kifungu cha 199, na Kenya inayo katika kifungu cha 210. Maana yake ni kwamba mama aliyesababisha kifo cha mwanawe wa chini ya miezi 12, ilhali mizani ya akili yake imevurugika kwa kuwa hajapona athari za kuzaa au kwa sababu ya kunyonyesha, asihukumiwe kama muuaji, bali kama aliyeua bila ya kukusudia. Tofauti baina ya hukumu hizo mbili ni tofauti baina ya kitanzi na kifungo.

Kifungu hicho kina huruma, na kimeokoa roho. Lakini kisomwe vizuri. Kinamtambua mama siku mtoto amekwishakufa. Kabla ya msiba, dola haikuwa na neno la kumwambia wala mtu wa kumtuma. Isitoshe, kinadhania kwamba maziwa yenyewe huweza kuvuruga akili, dhana ya karne zilizopita ambayo utabibu wa leo hauishiki. Na kwa kuwa mlango pekee uliokuwa wazi ulikuwa wa mahakama, watu walijifunza kuhusisha maradhi ya mzazi na uhalifu. Madhara ya fikra hiyo yapo hadi leo. Walio wengi kabisa miongoni mwa wanawake wenye sonona ya uzazi hawamdhuru mtoto hata kidogo. Wengine hukesha wakihofia asije akadhurika. Lakini mama anayejua kwamba aliyeumwa kama yeye alipelekwa kwa polisi hatamwambia mtu kwamba moyo wake umekufa ganzi. Atasema anaumwa kichwa.

Kilomita zisizozidi 30 kutoka Mirembe, upande wa kaskazini, iko Makutupora. Hii ni ile ya jijini Dodoma, kando ya barabara iendayo Kondoa na Arusha; si Makutupora ya Manyoni, mkoani Singida, ambayo jina lake limevuma kwa reli mpya itokayo Morogoro. Inajulikana kwa visima ambavyo vimeinywesha Dodoma kwa miongo mingi, kwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa na kwa mizabibu. Juu ya maji hayo ya chini ya ardhi kuna nchi kavu. Mvua ya Dodoma haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na karibu yote hunyesha baina ya Disemba na Aprili. Ugogo umepita katika njaa nyingi. Ile iitwayo Mtunya, ya kati ya miaka 1917 na 1920, iliyofuatia majeshi ya vita kuchukua chakula, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, imebaki katika kumbukumbu ya nchi.

Mshairi Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917 katika kipindi hichohicho, ndiye aliyeandika kwa Kiswahili historia, mila na desturi za Wagogo, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Wapenzi wa ushairi wanamjua zaidi kwa ngonjera. Kitabu chake cha historia, kama vitabu vyote vya aina hiyo, ni kumbukumbu ya mambo yanayoonekana na jamii nzima: koo, watawala, ndoa, njaa. Chumba cha mzazi ndani ya tembe, chenye giza na moshi, hakikuwa na mwandishi. Na katika nchi ya ukame mzazi asiyecheza na mwanawe alikuwa na sababu iliyo wazi: ana njaa, au amechoka kuteka maji. Mara nyingi ilikuwa kweli. Njaa, uchovu na upweke ni miongoni mwa visababishi vya sonona yenyewe. Lakini sababu iliyo wazi huweza pia kuwa pazia. Mvua ikija na ghala likijaa, mzazi bado kimya, na hakuna tena wa kumuuliza.

Kulikuwa na pazia jingine, lililoshonwa na wasomi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, tabibu aliyeisimamia Mathari, ambaye alidai miongoni mwa mengine kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika. Kwa mujibu wa fikra hiyo mwanamke wa Ugogo aliweza kuwa na njaa, kuwa mwenda wazimu au kuwa mhalifu. Hakuweza kuwa na huzuni iliyo ugonjwa.

Pazia hilo lilianza kuraruliwa Uganda. Mwaka 1954 alifika Kampala mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi London pamoja na John Bowlby juu ya watoto waliotenganishwa na mama zao. Katika vijiji vya karibu na Kampala alizitembelea nyumba za kina mama 26 wenye watoto wachanga 28, akirudi kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa, akikaa kwa saa mbili hivi na kutazama: mtoto analia vipi mama anapotoka, anamkimbilia nani anapoogopa, anarudi magotini kwa nani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Nadharia inayofundishwa leo katika vyuo vya dunia nzima, kwamba mtoto hujifunga kwa yule anayesikia ishara zake na kuzijibu, ina mzizi wake katika nyua za Buganda. Aliona pia kwamba kina mama waliowajua vizuri watoto wao, walioweza kusimulia kila kidogo chao, ndio ambao watoto wao walikuwa na utulivu. Kumjua mtoto kunataka moyo ulio huru kumtazama. Na uhuru huo ndio unaochukuliwa na sonona.

Baada yake, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tabibu Mwingereza John Cox alifanya utafiti katika kituo cha afya cha Kasangati, nje kidogo ya Kampala, miongoni mwa wanawake 263 wenye mimba. Alikuta kwamba Waganda walikuwa na jina la maradhi ya akili ya mzazi, amakiro, ambayo walinasibisha na kukosa uaminifu katika ndoa wakati wa mimba. Jina lilikuwepo, lakini lilibeba lawama. Akakuta pia kwamba kama mmoja katika kila wazazi kumi aliowafuatilia baada ya kujifungua alikuwa na sonona, kiasi kisichopishana sana na cha Uskoti. Aliporudi kwao aliendelea na kazi hiyo, na mwaka 1987 yeye na wenzake Jenifer Holden na Ruth Sagovsky wakachapisha kipimo cha Edinburgh: maswali kumi yanayomuuliza mzazi juu ya siku saba zilizopita, kuhusu kucheka, kuogopa bila sababu, kulala na kulia, na la mwisho kuhusu fikra ya kujidhuru. Kipimo hicho kimesambaa duniani kote, na tafiti za Kenya na Tanzania zimekitumia kwa Kiswahili. Hivyo swali lililoanza kuulizwa katika kituo cha afya cha Uganda lilikwenda Uskoti, likarudi Afrika ya Mashariki likiwa limevaa Kiingereza.

Hapo ndipo kazi ya mfasiri inapogusa uhai wa mtu. Kiswahili kina huzuni, lakini huzuni ni ya kila mfiwa. Kina msongo wa mawazo, lakini huo ni wa mwenye madeni pia. Kina kitenzi cha kale kusononeka, yaani kuumwa na moyo, na humo limetoka neno sonona linalotumiwa sasa na matabibu. Ni neno zuri, ila wazazi wengi hawajalisikia kliniki. Swali moja la kipimo cha Edinburgh limesimama juu ya nahau ya Kiingereza inayosema mambo yamempanda mtu juu. Likihamishwa neno kwa neno, mzazi wa Makutupora atadhani anaulizwa juu ya mzigo, au juu ya jambo la aibu. Naye nyumbani aghalabu husema Kigogo. Kiswahili kwake ni lugha ya ofisi, ya skuli na ya sindano. Watafiti waliofanya kazi Bungoma, magharibi ya Kenya, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018, walipita njia nyingine: walianza kwa kuwasikiliza wanawake wenyewe wanavyoieleza hali hiyo, kisha wakatunga maswali yanayochanganya vigezo vya kitabibu na misemo ya wenyeji. Ni somo kwa kila mfasiri: kabla ya kutafuta neno la kumpa mgonjwa, tafuta neno alilonalo.

Wakati maswali hayo yakisafiri, maisha ya Dodoma yalibadilika. Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwatoa watu katika makazi yaliyotawanyika ikawakusanya vijijini. Katika muongo huohuo zahanati na kliniki za mama na mtoto zilienea nchini. Mtoto akaanza kuning'inizwa kwenye mizani, uzito wake ukaandikwa katika kadi, akachanjwa. Watoto wengi wako hai kwa sababu ya mizani hiyo na sindano ile, na hapana haki kuzungumza juu ya kliniki bila ya kulisema hilo kwanza. Mama naye alifundishwa juu ya damu, malaria na kifafa cha mimba, hata leo mwanamke wa kijijini anajua kwamba uso ukivimba na macho yakiona giza ni lazima akimbilie hospitali. Maradhi ya mwili wake yalipata jina na njia. Moyo wake haukuwekewa safu katika kadi.

Kisha Dodoma ikawa makao makuu. Uamuzi ulipitishwa mwaka 1973, lakini serikali ilihamia kwa kishindo kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Vijiji vya pembeni vinavutwa na jiji. Wapo wanawake wengi vijana waliofuata kazi, waume au masomo, wakajifungulia katika chumba cha kupanga, mama zao wakiwa Kigoma, Tanga au Pemba. Arubaini yao ni simu ya jioni na fedha iliyotumwa ya kununulia mchele. Kile chumba chenye macho, ambacho pwani ilikijenga kwa ada na bara kwa wingi wa ndugu katika tembe, kinazidi kupungua, wala kliniki haijakirithi kazi yake.

Lakini dawa ya jambo hili haihitaji majumba makubwa. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Atif Rahman na wenzake katika vijiji vya Pakistani. Wahudumu wa afya wa kijijini, wanawake wa kawaida wasiokuwa matabibu wa akili, walifundishwa kumtembelea mama mwenye sonona nyumbani kwake, kumsikiliza, kumsaidia kuzigeuza fikra za kujilaumu, na kumrudisha kwa mwanawe kwa mambo madogo ya kila siku. Mtoto alipofika miezi sita, wenye sonona miongoni mwa waliotembelewa namna hiyo walikuwa asilimia 23. Miongoni mwa waliotembelewa bila ya mafunzo hayo walikuwa asilimia 53. Shirika la Afya Duniani likaufanya utaratibu huo kuwa mwongozo wa nchi zote mwaka 2015. Kwa ugonjwa mzito zaidi ziko dawa, na baadhi yake tabibu huweza kumpa mama bila ya kumkatiza kunyonyesha. Tanzania nayo iliipitisha Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008. Sheria, dawa na mwongozo vipo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuketi na mzazi.

Mkazi yeyote wa pwani asomapo habari ya wahudumu wale wa Pakistani atawatambua. Ni shangazi wa arubaini, aliyeongezewa mafunzo. Bibi zetu hawakujua kipimo cha Edinburgh, wala ada zao hazikuwa dawa ya kila kitu: zipo nyumba ambazo macho yale yalikuwa ya kuchunga aibu, na mzazi aliyegeukia ukutani alisemwa kuwa amelogwa, au mvivu, au hana imani. Si haki kuyatamani ya kale kwa ujumla wake. Linalofaa kurithiwa ni lile wazo la mkaja, kwamba aliyezaa ameumia hata kama anatembea, na kwamba kumuuguza ni haki yake, si hisani.

Historia ya mzazi huyu, basi, ni historia ya waliomtazama. Ndugu walimwona bila ya kuwa na jina. Hakimu alimpa jina kwa kuchelewa. Daktari wa kikoloni alimpa kitanda, akamkanushia huzuni. Mtafiti alimtafutia maswali, na mfasiri bado anahangaika kuyafanya yaeleweke. Katika msururu huo wote, mara chache mama mwenyewe ameombwa aseme, kama alivyosema yule mjane wa Siu.

Siku ya kliniki katika kijiji cha nyanda za kati kina mama hupanga foleni tangu asubuhi. Mtoto huvuliwa khanga, hutiwa katika mfuko wa mizani, hulia, huning'inia kidogo, na mshale husimama. Muuguzi huandika nambari kwenye kadi na kumrudishia mama mwanawe. Shughuli nzima huchukua dakika mbili. Baina ya kadi kutolewa na mtu wa pili kuitwa pana nafasi ndogo, nayo inatosha kwa muuguzi kuinua macho kutoka kwenye kadi na kuuliza, kwa lugha ambayo mzazi ataielewa: "Na wewe, mama, unalala?" Kisha asubiri jibu.